Mwili Huu Si Mali ya Macho ya Watu

Katika jiji letu la Dar es Salaam, salamu ya Jumapili baada ya ibada mara nyingi huanzia kwenye mwili wa mtu kabla haijafika kwenye habari zake. Mtu hajamaliza kupeana mkono na mchungaji mlangoni, tayari ameshaambiwa na mama mmoja kwamba amenenepa na kwamba ndoa imemkubali, na hatua chache mbele mwingine anamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi getini, "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Wasemao hivyo hawana nia mbaya. Kwa wazazi wetu unene ulikuwa ushahidi kwamba mtu anakula na ametulia, na kukonda kulitiliwa shaka zaidi tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kwa sababu katika miaka ile ambayo dawa hazikuwepo watu walizoea kuusoma ugonjwa katika mashavu ya jirani. Naelewa mazoea hayo yalikotoka. Hata hivyo nimeona, katika usharika wetu na katika sharika za marafiki zangu, jinsi maneno hayo madogo yanavyowafanya wanawake, na siku hizi vijana wa kiume pia, kuishi ndani ya miili yao kama wapangaji wanaongoja mwenye nyumba aje kukagua.

Juu ya hukumu hiyo ya zamani imekuja nyingine mpya. Simu zetu zimejaa picha za kiuno chembamba na nyonga pana, matangazo ya vidonge vya kupunguza tumbo, dawa za kuongeza makalio na krimu za kung'arisha ngozi, kiasi kwamba binti mmoja huambiwa na shangazi yake kuwa amekwisha na huambiwa na simu yake kuwa amezidi, yote katika asubuhi moja.

Jibu letu la haraka kanisani, mazungumzo ya mwili yanapozuka, ni aya ambayo kila aliyepitia kipaimara anaijua: mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nimeisikia ikitumika kuwaonya vijana wasizini, kuwakemea walevi na wavuta sigara, na kuwapima mabinti urefu wa sketi. Baadhi ya maonyo hayo yana mahali pake, lakini ukiisoma sura ya 6 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho bila haraka unakuta jambo kubwa zaidi ya onyo. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Kenkrea na Lekayo, na Paulo alipowaandikia waumini wa huko katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, wapo waliokuwa wakisema kwamba yanayotendwa na mwili hayana uzito mbele za Mungu, kwa kuwa tumbo na vyakula vyote vitapita. Paulo anawajibu kwa maneno ambayo ningetamani yahubiriwe peke yake Jumapili nzima: mwili "ni kwa Bwana, naye Bwana ni kwa mwili." Mara baada ya hapo anataja ufufuo, kwamba Mungu aliyemfufua Bwana atatufufua na sisi. Ndipo anafika kwenye hekalu, na kumalizia kwamba ninyi si mali yenu wenyewe, "maana mlinunuliwa kwa thamani."

Sisi tumezoea kulisikia neno hilo upande mmoja tu, kwamba usiutumie mwili wako upendavyo. Nami nalikubali. Lakini kama mwili wangu si mali yangu kwa maana hiyo, basi hauwezi kuwa mali ya kamati ya harusi, wala ya mama mkwe, wala ya wenye picha za simu, wala ya mzee wa kanisa anayenitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Ni amana. Amana hutunzwa kwa maagizo ya aliyeiweka, na aliyeiweka alikwisha kusema juu yake, siku ile alipomaliza kuumba, kwamba ni chema sana.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kujichubua. Kuna wakati nilikaa saluni, upande wa Sinza, kando ya binti aliyekuwa amebakiza majuma machache afunge ndoa. Uso wake ulikuwa umekwisha kuwa mweupe wenye wekundu wa kuungua, na mishipa midogo ilionekana waziwazi mashavuni, lakini viungo vya vidole vyake vilibaki vyeusi, kama ilivyo kwa wengi wanaotumia mkorogo, na kila mara mwenzake alipoinua simu kumpiga picha alikunja vidole ndani ya kiganja. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba mpiga picha wa harusi amekwisha kulipwa, na kwamba mama mkwe wake mtarajiwa aliwahi kusema, huku akicheka, kuwa wajukuu watatoka weusi. Sikuona majivuno kwa binti yule. Niliona hofu, na nyuma ya hofu hiyo walikuwepo watu wanaojulikana kwa majina, wengi wao wakishiriki Meza ya Bwana pamoja naye.

Mkorogo huchanganywa kutokana na krimu na mafuta ya aina mbalimbali, na ndani yake mara nyingi hukutwa haidrokwinoni, yaani dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, zebaki, au steroidi kali ambazo daktari huziandika kwa magonjwa maalumu ya ngozi na kwa muda mfupi. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Steroidi zikitumiwa kwa miezi mingi huifanya ngozi kuwa nyembamba, hutokeza michirizi isiyofutika, na huchelewesha vidonda kupona, jambo zito kwa mwanamke ambaye kesho anaweza kuhitaji kujifungua kwa upasuaji. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu, humletea mtu mabaka meusi yenye ubuluu ambayo hayatoki kwa urahisi, na hapo ndipo wengine huongeza kipimo cha dawa ileile iliyowaharibu. Vipodozi vyenye viambata sumu hivyo vilipigwa marufuku nchini miaka mingi iliyopita, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, lakini kopo lisilo na lebo bado linapatikana kwa anayelitafuta. Sheria ina kazi yake dukani na bandarini. Kazi ya kumfanya binti aamini kwamba ngozi aliyozaliwa nayo haihitaji kuombewa radhi ni yetu sisi tuliomlea.

Biblia yenyewe imehifadhi sauti ya mwanamke aliyesumbuliwa kwa rangi yake. Katika sura ya kwanza ya Wimbo Ulio Bora anasema, "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri," kisha anawaambia binti za Yerusalemu wasimchunguze, kwa kuwa jua limemuunguza alipowekwa kulinda mashamba ya mizabibu. Nampenda mwanamke huyu kwa sababu anaijua thamani yake na hana aibu kuitaja kazi iliyomuweka juani. Katika harusi zetu tunausoma Wimbo huu kwa kuchagua mistari ya mapenzi, na mstari huu tunauruka. Ningependa wachungaji wausome katika mafunzo ya wachumba, bwana harusi akiwepo, na ikiwezekana wazazi wa pande zote mbili pia.

Kwa dada aliyekwisha kuanza kujichubua na sasa anataka kuacha, naomba asiache kwa ghafla kimyakimya kama ametumia dawa hizo kwa muda mrefu. Ngozi iliyozoea steroidi huwaka, huwasha na kutoa vipele inaponyimwa, na wengi hulirudia kopo kwa sababu ya siku hizo ngumu. Mwone daktari wa ngozi, mwambie ukweli wote, akupunguzie hatua kwa hatua.

Kuna namna nyingine ya kuutesa mwili ambayo kanisani ni vigumu kuitambua kwa kuwa inafanana na utakatifu. Sisi tunafunga: wakati wa Kwaresima, katika maombi ya kuuanza mwaka, katika mifungo ya vikundi. Nami nafunga, na nimepata neema katika kufunga. Lakini miongoni mwa mabinti zetu wapo ambao mfungo umekuwa mahali pa kujifichia. Wakikaribishwa chakula husema wamefunga, mfungo wa kundi ukiisha wao huendelea, wakila sahani moja ya wali hujilaumu kana kwamba wametenda dhambi, na maombi yao, ukiyasikiliza kwa makini, yamejaa habari za kilo. Mwili unaonyimwa chakula namna hiyo kwa muda mrefu hedhi yake hukoma, mifupa hudhoofika, mapigo ya moyo hupungua kupita kiasi, na mawazo ya mtu huzunguka chakula kutwa nzima hata asipate nafasi ya kumwaza Mungu. Huo ni ugonjwa, tena unaotibika, na unahitaji daktari na mtaalamu wa afya ya akili pamoja na maombi. Anayemsifu mgonjwa huyo kwa kujinyima anamsukuma mbele zaidi katika njia ya hatari.

Maandiko yanatupa vipimo vya kutosha katika jambo hili. Isaya 58 inauunganisha mfungo wa kweli na chakula cha mtu mwingine: mkate unaouacha wewe ni wa kumgawia mwenye njaa. Yesu anamwagiza afungaye ajipake mafuta kichwani na kunawa uso, yaani hata siku ya kufunga mwili unapewa heshima yake. Paulo anawaandikia Wakolosai juu ya watu wanaoutawala mwili kwa ukali, kwamba mambo yao yanaonekana kuwa na hekima ilhali hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Na pale nabii Eliya alipochoka hata akaomba afe, chini ya mti wa mretemu jangwani, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Malaika alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Nikiwa na mtu aliyevunjika moyo, huwa nakumbuka kwamba nabii alipewa usingizi na chakula kabla ya kusikia ile sauti ndogo ya utulivu pale Horebu.

Nimejiuliza kwa nini Wakristo, tunaokiri ufufuo wa mwili kila tunaposema Imani ya Mitume, tunasema habari za mwili kana kwamba ni gunia la kubebea roho. Irenayo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliandika vitabu vitano kuwapinga walimu waliouona mwili kuwa kitu duni kisichoweza kuokolewa, na kanisa likamkubalia, kwa sababu Neno alifanyika mwili na hakuuvua alipofufuka. Alikula samaki mbele ya wanafunzi wake. Alimwonyesha Tomaso makovu. Isaya alikuwa amekwisha kutabiri kwamba Mtumishi wa Bwana hatakuwa na umbo wala uzuri hata tumtamani, na Injili zote nne hazituelezi alikuwa na kimo gani wala sura gani, lakini makovu yake yameandikwa. Mama mwenye mshono wa upasuaji, kaka aliyepooza mguu tangu utotoni, dada aliyeondolewa titi kwa ajili ya saratani, na bibi ambaye ngozi yake imekunjamana, wote wana Bwana aliyeingia katika utukufu akiwa na alama mwilini.

Na ikiwa Bwana ni kwa mwili, basi presha na kisukari ni habari zinazolihusu kanisa. Usharikani kwetu muuguzi mmoja mstaafu huleta mashine ya kupimia presha Jumapili ya kwanza ya mwezi na kuiweka chini ya mwembe. Mtu hukaa kimya dakika tano kwanza, miguu yote miwili ikiwa chini, mkono umeegemezwa mezani, kisha mkanda hufungwa juu ya kiwiko na namba huandikwa katika kijidaftari chake mwenyewe. Anayepata 140 kwa 90 au zaidi hupimwa tena, na ikirudia huelekezwa hospitali. Hapo mwanzo palikuwepo na mizani pia, na kijana wa kuandika alizisoma kilo kwa sauti. Akina mama wakaanza kutoka kwa geti la nyuma. Muuguzi, ambaye hakuhitaji kuelezwa, aliihamishia mizani ofisini, akafunga mlango, akawa anamwonyesha mtu namba yake bila kuitamka, na wale wa geti la nyuma wakarudi. Kwangu mimi hilo lilikuwa somo la uchungaji kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Sina mengi ya kusema kuhusu mazoezi na chakula ambayo hayajasemwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo mtu anaweza kuzipata kwa kutembea kwa kasi kati ya nyumbani na kituo cha daladala, na chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai. Vikao vyetu vya kanisa vingeweza kuanza na karanga, matunda na maji badala ya maandazi na soda kila mara. Jambo nitakalolisisitiza ni dawa. Wapo ndugu wanaoacha vidonge vya presha baada ya kuombewa, wakidhani kuendelea kuvimeza ni kukosa imani, na tumewazika baadhi yao. Paulo, ambaye kwa mikono yake Mungu alifanya miujiza huko Efeso, alimwandikia Timotheo, mtoto wake katika imani, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara. Alimwombea Timotheo usiku na mchana, asema mwenyewe, na bado akampa ushauri wa tiba ya siku zile.

Mahali ambapo aibu ya mwili na utunzaji wa mwili hukutana, na ambapo watu wetu wanakufa kwa ajili hiyo, ni saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini, na madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, hapahapa jijini, wamesema kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Husababishwa na kirusi cha papiloma, ambacho mabinti zetu hupewa chanjo yake kitaifa tangu mwaka 2018, nayo kwa kawaida huchukua miaka mingi kutoka maambukizi hadi kuwa saratani, hivyo nafasi ya kuiwahi ni kubwa. Kipimo chenyewe ni cha muda mfupi: mhudumu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, mara nyingi huweza kutibiwa siku hiyohiyo. Nimewauliza wanawake wenzangu kwa nini hawaendi. Wachache walitaja nauli au foleni. Wengi walisema, wakitazama pembeni, kwamba hawawezi kuvua nguo mbele ya mtu wakiwa na mwili walio nao. Mmoja alitaja michirizi ya tumbo, mwingine mapaja, mwingine alisema atakwenda akishapungua.

Hapo nilimkumbuka yule mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa damu kwa muda wa miaka 12, akateswa na waganga wengi na kumaliza mali yake yote, akaja kwa nyuma katika mkutano ili asionekane. Yesu hakumwacha aondoke kwa siri. Alisimama, akatafuta ni nani aliyemgusa, na mwanamke alipokuja akitetemeka na kumweleza kweli yote, alimwita "Binti." Mwili ambao sheria ya usafi ilikuwa imeutenga kwa miaka yote hiyo uliitwa kwa jina la mtoto wa nyumbani, mbele ya watu walewale aliowaogopa.

Kwa hiyo wanawake wa jumuiya yetu tumepanga kwenda pamoja kituo cha afya, asubuhi ya siku ya kazi, hasa wenye umri wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU hata kama wako chini ya umri huo, kwa kuwa wao hushauriwa kuanza mapema zaidi. Kila mmoja atakuwa na mwenzake wa kumngoja nje, na tumewaomba wahudumu wawe wanawake. Tumekubaliana pia kwamba njiani, kwenda na kurudi, hakuna atakayetaja unene wala wembamba wa mtu. Majina yanaandikwa na katibu, naye hayasomi mbele za watu. Ambaye hajafika kanisani kwa muda mrefu, ambaye si wa usharika wetu, na ambaye anangoja apungue kwanza ndipo apande kitanda cha kupimia, nafasi yake ipo, na aje na mwili alio nao sasa.